Tunawafukuza jikoni wakiwa wadogo, kisha tunawaita wavivu

Shule zikishafungwa tu, mazungumzo ya wazazi mijini huwa yale yale, iwe ni saluni, kwenye kikao cha harusi au kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kijana wa kidato cha pili anaamka saa nne asubuhi, anakula alichoandaliwa, sahani anaiacha pale pale mezani, kisha anarudi kwenye simu. Binti wa darasa la saba hajui kuwasha jiko la gesi. Ukimwagiza maji ya kunywa, naye anamwita dada wa kazi. Mwisho wa maneno ni hukumu moja: watoto wa siku hizi ni wavivu.

Lakini mtoto huyo huyo, alipokuwa na miaka miwili, alikuwa habanduki miguuni mwa mama yake jikoni. Aling'ang'ania fagio la chelewa lililomzidi kimo. Dada akifua, naye alitumbukiza mikono kwenye beseni akalowa hadi kifuani. Akaambiwa toka hapa, utapata mafua. Akaambiwa nenda kaangalie katuni. Akishika kikombe, ananyang'anywa kabla hakijamponyoka. Aliambiwa hivyo mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, mpaka akaelewa kwamba kazi za nyumba ile zina wenyewe na yeye si mmoja wao. Miaka kumi baadaye tunamwita jikoni, haji, nasi tunashangaa.

Sehemu kubwa ya uvivu tunaoulalamikia tumeufundisha wenyewe, tena kwa nia njema. Tulikuwa na haraka, tuliogopa aungue, tulitaka asome. Hasara yake inaonekana baadaye, pale kijana anapokuwa ndani ya nyumba yao kama mgeni ambaye siku ya tatu imepita zamani na hakuna aliyethubutu kumpa jembe.

Hamu anakuja nayo

Kwamba mtoto mdogo anapenda kusaidia, bibi zetu walilijua bila utafiti. Hata hivyo lilishapimwa. Mwaka 2006, Felix Warneken na Michael Tomasello, wakiwa katika taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio mepesi sana. Mtu mzima anaanika nguo, kibanio kinamdondoka, anajinyoosha hakifikii. Au amebeba rundo la magazeti na anajigonga kwenye mlango wa kabati uliofungwa. Mbele yake yupo mtoto wa miezi 18, hajaombwa kitu wala kuahidiwa kitu. Kati ya watoto 24, 22 walisaidia angalau mara moja.

Miaka miwili baadaye walijaribu jambo jingine kwa watoto wa miezi 20. Baadhi walipewa kichezeo kila waliposaidia, wengine walisifiwa, wengine hawakupewa chochote. Zawadi ilipokoma, waliozoeshwa vichezeo ndio waliopunguza kusaidia. Mzazi anayemlipa mwanawe hela ya pipi kila akiosha vyombo na atafakari hilo. Hela ya matumizi ni jambo jema na ina somo lake, lakini ukiifunga kwenye sahani, siku mfukoni hamna kitu vyombo vitalala vichafu. Mama halipwi kwa kupika, baba halipwi kwa kubadilisha taa iliyoungua. Mtoto naye ni wa nyumba hiyo.

Kazi yenye maana na kazi ya kubuni

Katikati ya miaka ya 1950, John na Beatrice Whiting waliongoza utafiti mkubwa wa malezi katika jamii sita: India, Ufilipino, Mexico, kisiwa cha Okinawa huko Japani, kitongoji kimoja cha Marekani, na hapa kwetu Afrika Mashariki jamii ya Wakisii nchini Kenya, ambayo watafiti waliipa jina la Nyansongo. Waliokaa Nyansongo ni Robert na Barbara LeVine. Kitabu cha kulinganisha watoto wa jamii zote sita kilitoka mwaka 1975.

Watoto wa Nyansongo walionekana na kazi nyingi kuliko wenzao wote. Kina mama walikuwa na mashamba ya kulima, kwa hiyo kuni, maji, ng'ombe na mtoto mchanga vilikuwa mikononi mwa watoto, na mlezi wa mchanga huyo mara nyingi alikuwa wa umri wa darasa la pili au la tatu wa leo. Hao ndio waliojitokeza kuwa wepesi wa kumjali mdogo, kumpa msaada na kumwonya mwenzao anapokosea. Wale wa kitongoji cha Marekani walielemea zaidi kwenye kujitafutia wao wenyewe, msaada au umaarufu.

Walichokisisitiza akina Whiting ni aina ya kazi. Mtoto wa Kisii asipochunga ng'ombe, shamba la watu linaliwa na kesi inakuja nyumbani. Asipochota maji, hakuna uji. Mtoto wa Marekani alipewa kazi ya kupanga chumba chake, kazi ambayo hata asipoifanya hakuna anayelala njaa, na yeye analijua hilo. Watoto si wajinga. Wanatofautisha kazi ambayo nyumba inaitegemea na kazi ya kubuniwa ili wasikae bure.

Hapa ndipo wazazi wengi wa mjini tunapokwama. Tunampa mtoto kazi ya maonyesho, tena Jumamosi moja kwa mwezi, halafu tunamlaumu kwa kuifanya kimaonyesho.

Kazi za mvulana zilibaki kijijini

Ukienda kijijini, mvulana ana kazi zake zinazojulikana: mifugo, kukata majani, kutengeneza uzio. Familia ilipohamia Mbagala, Kahama au Kayole, ng'ombe walibaki nyuma na uzio ukawa ukuta wa matofali. Kazi za dada yake zilipanda basi pamoja naye: kupika, kufua, kudeki, kubembeleza mdogo. Ndiyo maana katika nyumba nyingi leo binti anatoka shule na kuingia jikoni huku kaka yake, waliyezidiana mwaka mmoja tu, akiulizia chakula kama kimeiva.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitoa hesabu ya dunia nzima mwaka 2016. Wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia saa milioni 550 kila siku kwenye kazi za nyumbani, saa milioni 160 zaidi ya wavulana wa umri huo. Pengo linaanza wakiwa wadogo kabisa na linapanuka kadiri wanavyokua.

Anayepoteza si binti peke yake. Mwanaanthropolojia Carol Ember alifanya utafiti Oyugis, katika eneo la Wajaluo nchini Kenya, akauchapisha mwaka 1973. Alikuta nyumba ambazo hazikuwa na binti wa umri wa kazi, na kwa hiyo mvulana ndiye aliyelea mdogo wake, kuchota maji na kusaidia jikoni. Alipowalinganisha na wavulana wengine wa hapo hapo, hao walikuwa na ugomvi mdogo na ubinafsi mdogo, hata katika saa ambazo hawakuwa kazini. Hakuna aliyewapangia kazi hizo kwa sababu ya kuwafunza tabia. Nyumba iliwahitaji, wakazifanya, tabia ikafuata.

Mzazi anayehofia kwamba mwanawe akishika mwiko atadharauliwa na wenzake angejiuliza swali jepesi: kijana huyo akipata chuo Dodoma au Morogoro na kupanga chumba, nani atampikia? Vijana wetu wanaomaliza kidato cha sita na kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, wanafagia na kufua pamoja, wa kike na wa kiume. Kwa baadhi yao ndiyo mara ya kwanza kufua shuka.

Nyumba yenye dada

Tuseme ukweli kuhusu dada wa kazi. Bila yeye familia nyingi za mjini zisingesimama. Wazazi wanatoka alfajiri na kurudi usiku baada ya foleni, basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu, jioni kuna tuisheni. Dada ndiye anayeshikilia nyumba, na anastahili mshahara wake, mapumziko yake na heshima yake.

Lakini angalia umri. Zipo nyumba ambamo binti wa miaka kumi na saba aliyetoka kijijini anafua soksi na chupi za kijana wa miaka kumi na sita. Kwa kijana yule hilo ni somo la kila siku, na anachojifunza ni kwamba wapo watu walioumbwa kuokota uchafu wa wengine. Somo hilo halifutwi na mahubiri ya Jumapili wala mawaidha ya Ijumaa.

Dawa haihitaji kumwondoa dada. Inahitaji mipaka iliyotamkwa na mwenye nyumba mbele ya wote: nguo za ndani kila mtu anafua zake kuanzia darasa la tatu, kitanda na chandarua kila mtu chake, sahani inaondoka mezani na aliyeilia, na mwishoni mwa wiki dada anapumzika na jiko linakuwa la familia. Bila tamko hilo, dada atafanya yote, kwa sababu anaogopa kuonekana mvivu. Na mtoto atamwachia yote.

Bweni nalo lina sehemu yake, kwa kuwa linamtoa mtoto katika kazi za nyumbani. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa ngazi za chini, hadi darasa la nne, na mjadala ulipamba moto. Mzazi aliyempata mwanawe nyumbani kutokana na agizo lile amepewa miaka yenye thamani kuliko yote kwa somo hili. Itakuwa hasara kama miaka hiyo itaishia kwenye runinga.

Adhabu imechafua kazi

Kizazi kilichosoma miaka ya 1970 na 1980 kinakumbuka shamba la shule, banda la kuku na zamu za usafi. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka mwanafunzi asijione bora kuliko jembe la mzazi wake. Wazo lilikuwa zuri. Katika shule nyingi utekelezaji uliliangusha, kwa sababu aliyechelewa ndiye aliyepewa choo akisafishe, na mwenye makosa ndiye aliyepelekwa shambani. Wanafunzi wakajifunza kwamba kazi za mikono ni fungu la wakosaji.

Nyumbani tunarudia hayo hayo. Mtoto amepata alama mbaya, adhabu yake ni kuosha vyombo wiki nzima. Je, wiki ijayo, akiwa hana kosa, atavigusa kwa moyo gani? Kama ni adhabu, mnyime simu. Vyombo viache viwe vyombo.

Wapo pia wanaosema haki za mtoto zimeharibu malezi, kwamba sheria imekataza watoto kufanya kazi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haisemi hivyo. Kifungu cha 15 kinampa mtoto wajibu wa kufanya kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia yake na kuwasaidia wazazi na wakubwa inapohitajika. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika ibara ya 31, unasema vivyo hivyo. Kinachokatazwa ni kazi inayodhuru afya yake au kumkosesha shule. UNICEF na Shirika la Kazi Duniani wanahesabu kuwa mtoto wa miaka 5 hadi 14 anayefanya kazi za nyumbani saa 21 au zaidi kwa wiki ameshavuka mpaka. Hizo ni saa tatu kila siku, na wapo mabinti, hasa wale wanaoishi kwa ndugu, wanaozifikia kabla hata hawajagusa daftari.

Vyombo vina mpangilio wake

Watoto wengi hawachukii kazi. Wanachukia kutupiwa kazi wasiyojua pa kuianzia. Mwambie mtoto wa miaka minane "kaoshe vyombo" na uondoke. Ataanza na kilicho karibu, na kama ni kikaango cha samaki, maji yatajaa mafuta papo hapo na glasi zote zitatoka zinateleza na kunuka shombo. Atafokewa. Kesho yake atajificha.

Kaa naye jioni tatu au nne. Sufuria yenye ukoko inalowekwa kabla watu hawajaanza kula, ili ukoko ulainike wenyewe. Mabaki yanakung'utwa kwenye ndoo ya taka, hayaachwi yaingie kwenye beseni. Beseni moja la povu, jingine la kusuuzia. Glasi na vikombe vinatangulia, vinafuata vijiko, kisha sahani, na vyombo vya mafuta na masizi vinakuja mwisho. Visu havizamishwi kwenye povu, vinawekwa pembeni na kuoshwa kimoja kimoja, kwa sababu mkono ukiingia humo hauoni kitu. Stilwaya ni ya sufuria, si ya kikaango kisichoshika chakula. Kazi haijaisha mpaka sponji imekamuliwa, maji machafu yamemwagwa na meza imefutwa. Hapo pa mwisho ndipo hata watu wazima wengi tunapokimbia.

Glasi ikivunjika, mfundishe la kufanya: asimame pale pale kama hana viatu, vipande vikubwa viokotwe na mkubwa, vidogo vifagiliwe, vyote vifungwe kwenye gazeti kabla ya kutupwa ili visimkate mzoa taka. Mtoto aliyefundishwa hivyo atakuja kukwambia siku akivunja. Aliyefokewa ataficha vipande nyuma ya kabati.

Kupika nako huanzia mbali na moto. Mdogo anachambua mchele kwenye ungo, anamenya kitunguu saumu, anachambua mchicha na kutenga mashina magumu. Wa miaka tisa au kumi anachemsha chai akiwa na mkubwa karibu. Ugali unafundishwa kwa vipande: leo anachekecha unga, wiki ijayo anakoroga uji wa kuanzia, baadaye anamimina unga wakati mkubwa anasonga, na mwiko anaushika mwenyewe mikono ikiwa na nguvu za kutosha na akiwa ameshajua kwamba uji unaotokota unarusha matone yanayounguza. Mafuta ya kukaangia na kubadilisha mtungi wa gesi vinasubiri zaidi. Akiungua, ni maji ya bomba yanayotiririka juu ya kidonda kwa dakika 20. Dawa ya mswaki ibaki bafuni.

Mkabidhi, usimtume tu

Kuna mtoto anayefanya kila anachoagizwa, na bado hajajifunza kuwajibika. Ameagizwa alete ndoo, ameleta. Ameagizwa afagie, amefagia. Asipoagizwa, amekaa. Kichwa kinachoona kazi bado ni cha mama, na kina mama wanajua kwamba kukumbuka kazi kunachosha kuliko kuifanya.

Tuchukue maji, katika mitaa yenye mgawo. Badala ya kupiga kelele kila yanapotoka, mkabidhi kijana wa miaka kumi na miwili maji ya nyumba. Yeye ndiye ajue yanatoka siku zipi, pipa limebaki kiasi gani, ndoo ipi ni ya kunywa na ipi ya choo, kifuniko kipo au hakipo. Mweleze mara moja vizuri, kisha unyamaze. Siku moja atasahau, na asubuhi nyumba nzima, yeye akiwamo, itaoga kwa kopo moja moja. Usilijaze pipa kwa siri usiku ili kumwokoa. Upungufu huo mdogo ndio mwalimu, mradi tu kisiwe kitu cha kuhatarisha afya ya mtu.

Vivyo hivyo kwa chakula. Kijana wa miaka kumi na minne apewe jioni moja kwa wiki iwe yake. Mpe noti ya shilingi 10,000, achague, aende sokoni kabla jua halijazama, ajue fungu la nyanya linauzwaje na mchuuzi anapunguza wapi. Akimaliza hela kwenye nyama na kusahau mchele, mtakula nyama na viazi vilivyobaki. Wiki ijayo ataandika orodha bila kuambiwa.

Na kazi ya mtoto ibadilike anavyokua. Binti aliyefagia uwanja akiwa na miaka sita bado anafagia uwanja ule ule akiwa na kumi na tano, na hajawahi kuulizwa bajeti ya umeme. Kumwongezea kazi pekee si kumkuza. Kumwamini na jambo lenye uzito ndiko kumkuza.

Jumamosi hii pa kuanzia

Mwenye mtoto wa miaka miwili au mitatu ana kazi rahisi: asimfukuze. Amtafutie fagio dogo na kopo la plastiki, avumilie sakafu kulowa. Kupika kutachelewa kwa robo saa.

Mwenye kijana wa miaka kumi na minne ana deni la miaka kumi, na halilipwi kwa ngumi juu ya meza. Kaeni pamoja, baba akiwepo, mtaje kazi zote za nyumba na nani anazifanya sasa. Vijana wengi hawajawahi kuiona orodha hiyo ikiwa nzima. Kila mmoja achukue kazi mbili za kudumu, baba naye achukue zake mbele yao, kwa sababu mvulana hataosha sahani katika nyumba ambayo mwanamume wake hajawahi kuonekana ameshika sponji.

Wiki za mwanzo sahani zitabaki na mafuta na wali utaungua chini. Sahani zenye mafuta mrudishie siku ya pili azioshe tena, kwa sauti ya kawaida, na umwonyeshe mahali alipoacha. Usiinuke usiku ukaziosha mwenyewe. Ukifanya hivyo kazi itakuwa imerudi kwako, na yeye atakuwa ameiona ikirudi.